Virginia Woolf na Usomaji wa Riwaya za Kiingereza

Maneno mawili ya Kiswahili, kuhakiki na kuhukumu, yanakaribiana kwa sauti hata msikilizaji asiye mwangalifu aweza kuyadhani kuwa ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo. La kwanza latokana na shina la Kiarabu lenye konsonanti h, q na q, ndilo shina la haki na hakika. La pili latokana na h, k na m, ndilo lililozaa hakimu, hekima na mahakama. Kwa kuwa Kiswahili cha matumizi ya kila siku hakitenganishi sauti ya q na ile ya k, mashina hayo yamesogeleana, na pamoja nayo zimesogeleana kazi mbili ambazo zastahili kukaa mbalimbali: kuthibitisha jambo lilivyo, na kukata shauri juu yake. Katika mafunzo ya fasihi kusogeleana huko kumeleta hasara. Mwanafunzi aghalabu hupewa hukumu kabla hajahakiki chochote. Aambiwa kwamba Jane Austen ana kejeli laini, kwamba Dickens amejaa huruma, kwamba George Eliot ni mzito. Ayaandika hayo katika daftari, ayakariri, na siku ya mtihani ayarudisha kama alivyoyapokea. Riwaya yenyewe yabaki rafuni.

Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Riwaya za Kiingereza zilimfikia pamoja na shule na mitihani, na hukumu zilizofuatana nazo zilikuwa zimekwisha kukatwa ng'ambo. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao mashuhuri wa kutaka Idara ya Kiingereza katika chuo cha Nairobi iondolewe, na mahali pake iwekwe idara ambayo fasihi ya Afrika ndiyo itakuwa kitovu chake. Waraka ule haukumkataza mtu kusoma riwaya za Kiingereza. Ulichokiondoa ni ulazima wa kuzitukuza. Baada ya hapo riwaya hizo zimekuwa fasihi ya watu wengine, kama zilivyo za Warusi na Wafaransa, na swali likabaki: je, mtu ambaye hakuzaliwa nazo, wala halazimiki kuzisujudia, azisome kwa njia gani ili azifaidi?

Wapo Waingereza waliolishughulikia swali hilo kwa ajili yao wenyewe, na mmoja wao aliyezitenganisha kazi za kuhakiki na kuhukumu kwa uwazi kuliko wengi ni Bibi Virginia Woolf. Wengi humjua kwa riwaya zake, kama vile Mrs Dalloway ya mwaka 1925 na To the Lighthouse ya mwaka 1927. Lakini kabla ya kuchapisha riwaya yo yote alikuwa amekwisha kuwa mwandishi wa makala za magazeti, kazi aliyoianza mwaka 1904 na kuendelea nayo karibu hadi kifo chake tarehe 28 Machi 1941. Makala zake nyingi zilitoka katika The Times Literary Supplement, gazeti ambalo halikuchapa majina ya wahakiki wake hata ilipofika mwaka 1974. Kwa hiyo watu walisoma maneno yake kwa miaka mingi pasipo kujua ni ya nani. Zilizo bora alizikusanya na kuzitengeneza upya katika vitabu viwili vyenye jina moja, The Common Reader, yaani Msomaji wa Kawaida, cha kwanza mwaka 1925 na cha pili mwaka 1932.

Jina hilo alilitoa kwa Samuel Johnson, mwanachuoni wa karne ya 18, ambaye alipokuwa akiandika habari za mshairi Thomas Gray alifurahi kukubaliana na msomaji wa kawaida, mtu ambaye akili yake haijapotoshwa na upendeleo wa wanachuoni. Yafaa isemwe mara moja kwamba Bibi Woolf mwenyewe hakuwa wa kawaida hata kidogo. Baba yake, Leslie Stephen, alikuwa mhariri wa kwanza wa kamusi kuu ya wasifu wa Waingereza. Tena alikuwa mhariri wa jarida la Cornhill wakati lilipotoa Far from the Madding Crowd ya Thomas Hardy mwaka 1874. Mwaka 1909 shangazi yake alimwachia urithi wa pauni 2,500. Hata hivyo kuna jambo moja lililompa haki ya kulitumia jina lile. Ndugu zake wanaume walipelekwa Cambridge, yeye hakupelekwa. Alihudhuria masomo machache katika sehemu ya wanawake ya King's College, London, na yaliyobaki aliyapata katika maktaba ya baba yake. Alikuja mwenyewe kwenye vitabu, hakuletwa na mwalimu. Mwaka 1932 Cambridge ilipomwalika atoe mihadhara ya Clark, ambayo baba yake ndiye aliyeifungua, alikataa.

Njia yake ameieleza katika makala ya mwisho ya kitabu cha pili, ihusuyo namna ya kusoma, ambayo asili yake ni mazungumzo aliyoyafanya mbele ya wasichana wa shule moja mwaka 1926. Asema kwamba kusoma kuna hatua mbili. Katika ya kwanza msomaji hana budi kuwa upande wa mtunzi, kana kwamba ni mshirika wake katika kazi. Asimwamuru atoe hiki wala kile, bali atazame anachokifanya na kwa nini anakifanya. Hatua ya pili yaja baadaye, kitabu kikiisha kufungwa na vumbi lake kutua. Hapo ndipo urafiki hukoma na msomaji akawa hakimu, tena hakimu mkali, akikipima kitabu kwa kukilinganisha na vilivyo bora vya jinsi yake. Katika istilahi za Kiswahili yaweza kusemwa kwamba hatua ya kwanza ni kuhakiki na ya pili ni kuhukumu. Wazo lenyewe si geni. Linalomtofautisha yeye na wengine ni kwamba alilitenda, na makala zake zaonyesha likitendeka hatua kwa hatua.

Mahali panapomfaa Mswahili kuanzia ni makala juu ya Robinson Crusoe ya Daniel Defoe, kitabu kilichotoka mwaka 1719. Miongoni mwa hadithi za Kiingereza zilizowafikia wasomaji wa Kiswahili kwa tafsiri zilikuwamo za ukoo huo huo wa safari na visiwa. Frederick Johnson, ambaye baadaye alikuwa Katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, alishiriki katika kuwapa Mashimo ya Mfalme Sulemani ya Rider Haggard na Kisiwa chenye Hazina ya Stevenson. Stevenson na Haggard wasingaliandika walivyoandika kama Defoe hakuwatangulia.

Bibi Woolf aanza kwa kuonyesha njia mbili ambazo watu huzitumia kukikaribia kitabu cha namna hii. Wengine hueleza chanzo cha riwaya na hali ya tabaka la wafanya biashara katika zama za Defoe; wengine hueleza maisha ya mtunzi, madeni yake na vifungo vyake. Njia zote mbili zina manufaa, nazo zote mbili humwacha msomaji mlangoni. Kuingia ndani ni kusimama pale aliposimama mtunzi na kujua ayapanga vipi mambo makuu anayoyaona: Mungu, binadamu, na maumbile ya nchi na bahari. Sasa msomaji wa kisasa akisikia habari ya mtu aliye peke yake kisiwani kwa miaka 28, hutazamia mengi. Hutazamia magharibi yenye wekundu, upweke wa roho, na tafakuri juu ya jamii ya watu iliyoachwa nyuma. Defoe hampi hata kimoja. Ampa chungu cha udongo. Bibi Woolf asema kwamba msomaji akikubali kuacha matazamio yake na kukitazama chungu kile kwa macho ya Crusoe, atagundua kwamba hakupunjwa. Kwani kwa kukiamini kitu kile kimoja cha kawaida, mtunzi amefaulu kuifanya dunia nzima, mbingu na bahari na upweke wenyewe, ipangike nyuma yake.

Hapa lugha ya Kiswahili ina la kusema ambalo Bibi Woolf asingaliweza kulisema kwa Kiingereza. Yeye atumia jina moja kwa chombo kile, jina la jumla lisilobainisha kazi yake. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kufanya hivyo. Mswahili ana mtungi wa maji, ana kasiki la kuwekea akiba, ana gudulia, ana bungu, ana chungu cha kupikia. Na akitaka jina la jumla itambidi aseme chombo cha udongo, maneno yanayofaa katika orodha ya forodha lakini yasiyo na uzito wa kitu kinachoshikika. Ni lazima achague. Akirudi kwenye hadithi ili achague vizuri, aona kwamba mambo yamepita kwa hatua. Kwanza Crusoe ahangaika karibu miezi miwili na udongo unaobomoka, unaopasuka kwa jua, na mwisho apata vitu viwili vikubwa, vibaya wa sura, hata mwenyewe asita kuviita mitungi. Hivyo vyamfaa kwa nafaka tu. Siku nyingine aona kigae kimeangukia motoni kikawa kigumu kama jiwe na chekundu kama tofali. Ndipo ajifunza kuchoma, na baada ya kuchoma aweza kutokosa nyama ya mwana mbuzi na kunywa mchuzi. Kwa Kiswahili basi, kilichopatikana kwanza ni kasiki, na tena kasiki la aibu. Chungu hakikupatikana mpaka kilipostahimili moto. Tofauti ambayo Kiingereza hulazimika kuieleza kwa kurasa mbili, Kiswahili kimeiweka katika majina. Mfasiri atakayeandika chungu tangu mwanzo atakuwa ameharibu furaha yote ya Crusoe siku ile ya mchuzi.

Lakini kusimama mahali pa mtu mwingine ni kukubali pia kutokuona asichokiona yeye. Crusoe alivunjikiwa na jahazi akiwa njiani kutoka Brazili kwenda pwani ya Guinea kuchukua watumwa. Kabla ya hapo alikuwa amemwuza Xury, mtoto aliyetoroka naye utumwani. Na mtu anayemwokoa baadaye kisiwani ampa jina la siku, Ijumaa, na jina analomfundisha amwite yeye ni Bwana. Katika makala ya Bibi Woolf mambo haya hayapimwi. Anayetazama kwa macho ya Crusoe atakiona chungu vizuri mno. Ijumaa atamwona nusu. Mtunzi wa Afrika Kusini, J. M. Coetzee, ameijenga riwaya yake Foe ya mwaka 1986 juu ya nusu ile iliyobaki gizani, na ndani yake Ijumaa hana ulimi. Haifuati kwamba njia ya Bibi Woolf ni mbovu. Bila kujua kwanza mtunzi amesimama wapi, msomaji hawezi kujua kwa hakika ni kitu gani hakionekani kutoka pale. Naye Bibi Woolf aliipima nafasi ile barabara, ingawa hakugeuka kutazama nyuma yake.

Makala juu ya Jane Austen ni ya namna nyingine. Mtunzi huyu, aliyezaliwa mwaka 1775 na kufariki mwaka 1817, ana sifa ya ukamilifu, na ukamilifu ni adui wa mhakiki: ukuta laini hauna pa kushika. Bibi Woolf afanya hila nzuri. Aziacha kando riwaya kubwa na kuchukua The Watsons, hadithi ambayo mtunzi aliianza na hakuimaliza. Katika sura zake za kwanza, zilizo kavu na zenye haraka, aona jinsi kazi ilivyokuwa ikifanywa: Jane Austen alikuwa mmoja wa wale watoao kwanza mifupa ya mambo, kisha wakarudi tena na tena kuivika nyama. Ukamilifu basi haukuwa kipaji kilichoshuka chenyewe. Ulikuwa ni kurudia kazi. Fundi humfahamu fundi mwenziwe kwa kutazama kazi iliyoachwa nusu, na hapa msomaji apata faida ya kuongozwa na mhakiki ambaye mwenyewe ni mtunzi.

Katika hadithi hiyo kuna karamu ya dansi. Mtoto wa kiume wa miaka kumi ameahidiwa kucheza na bibi mmoja mkubwa wa cheo. Bibi yule avunja ahadi ili acheze na afisa wa jeshi. Mtoto asimama pale, akijikaza asilie. Emma Watson, mgeni katika karamu, aona, asogea, na kujitolea kucheza naye. Basi. Hakuna zaidi. Kwa nini msomaji huguswa? Bibi Woolf ajibu kwamba Jane Austen humfanya msomaji akamilishe mwenyewe kisichoandikwa. Ampa jambo dogo kwa juu, lakini ndani yake mna kipimo cha mwenendo ambacho kitatumika katika mambo makubwa yatakayofuata. Msomaji aliyelelewa katika fasihi ya Kiswahili hatauona mgeni mtazamo huu, kwani ameyazoea maandishi ambayo adabu ya mtu hupimwa kwa jambo dogo alilolitenda mbele za watu. Tofauti ni kwamba katika tenzi za mawaidha kipimo hutajwa waziwazi. Jane Austen hukificha, na yeye asiyekijua kipimo ataona dansi tu.

Kisha Bibi Woolf athubutu kutoa hukumu ya ajabu: ahukumu vitabu ambavyo havikuandikwa. Katika Persuasion, riwaya iliyochapishwa baada ya kifo cha mtunzi, aona dalili za mtu aliyekuwa akianza kugundua kwamba dunia ni kubwa kuliko alivyodhani; na kutokana na dalili hizo akisia kwamba, kama angaliishi, Jane Austen angalitegemea mazungumzo kidogo zaidi na tafakuri zaidi, akawatangulia Henry James na Proust. Haya hayawezi kuthibitishwa. Lakini yeyote atakayerudi kusoma Persuasion baada ya makala hii ataona majani ya vuli na matembezi ya Anne Elliot kwa namna ambayo hakuyaona mwanzo, na kwa kazi ya uhakiki hilo latosha.

Yapo makala mengine ambayo hayahitaji maneno mengi hapa. Lile juu ya Hardy, lililotoka mwezi Januari 1928 mara baada ya mazishi yake, ni la heshima na upana, nalo lafaa kusomwa kabla ya kufungua riwaya zake za mkoa wa Wessex. Juu ya Dickens hakuandika kwa mapenzi sawa.

La George Eliot ndilo linaloonyesha jinsi hukumu ya haki ilivyo ngumu. Mary Ann Evans, aliyejiita kwa jina hilo la kiume, alizaliwa mwaka 1819, na Bibi Woolf aliandika makala yake mwaka 1919 kwa ajili ya kutimia miaka 100. Wakati huo sifa ya mtunzi yule ilikuwa imeshuka. Kizazi cha mwisho cha karne ya 19 kilikuwa kimechoka na uzito wake, kikamcheka. Alionekana kama mwanamke mwenye uso mrefu na maneno ya hekima, aliyeketi nyumbani kwake Jumapili alasiri akizungukwa na wafuasi. Bibi Woolf aanza na kicheko kile kile, hakifichi. Kisha akiondoa, taratibu, kwa kuhakiki: mwanamke huyu alikuwa mjukuu wa seremala, alijielimisha mwenyewe, tangu mwaka 1854 aliishi na George Henry Lewes, ambaye hakuweza kumwoa kwa sheria, na jamii ikamfungia milango. Baada ya hayo afungua vitabu vya mwanzo, vyenye mashamba na watu wa vijijini, na kuonyesha jinsi vinavyotiririka kwa ukumbusho na ucheshi. Ndipo afikapo penye tatizo. Kila mara shujaa wa kike atokeapo, awe Dinah Morris au Maggie Tulliver au Dorothea Brooke, mtunzi apoteza utulivu. Maneno yawa mengi, sauti yapanda. Mhakiki wa kawaida angaliandika hapo kwamba hiyo ni ila na kupita. Bibi Woolf asema ni ila, kisha auliza nini kingetokea kama ingaliondolewa, na aona kwamba pamoja nayo ungaliondoka ukubwa wenyewe. Wanawake wale wanadai kitu ambacho hawajui jina lake na ambacho pengine dunia haina. Na dai hilo ni la mtunzi mwenyewe. Middlemarch, riwaya ya miaka 1871 na 1872, aliiona kuwa kitabu cha watu waliokwisha kukomaa, na wakomavu katika hesabu yake hawakuwa wengi.

Hukumu hiyo ilipotolewa haikuwa na wafuasi wengi. Karibu miaka 30 baadaye, mwaka 1948, F. R. Leavis alimweka George Eliot katika safu ya mbele ya kitabu chake The Great Tradition, kitabu kilichosomwa sana vyuoni. Wahakiki hawa wawili wafikia mahali pamoja kwa njia zinazopingana. Leavis aanza kwa kutaja majina ya walio wakubwa, nao ni wachache sana, kisha aeleza. Mwanafunzi mvivu aweza kuishia katika ukurasa wa kwanza akiwa na hukumu mkononi. Kwa Bibi Woolf hukumu yaja mwisho, na imefumwa ndani ya masimulizi hata haichomoki. Yafaa kukiri kwamba hilo ndilo linalowafanya walimu wengi wasimpende: makala zake ni vigumu kuzifanyia muhtasari.

Limebaki jambo la Charlotte na Emily Brontë, na hapa Bibi Woolf alihukumu mara mbili. Katika The Common Reader alizilinganisha Jane Eyre na Wuthering Heights, riwaya zilizotoka mwaka mmoja, 1847. Tofauti ya dada hawa aliiweka katika viwakilishi vya nafsi. Charlotte, asema, ni mtu wa nafsi ya kwanza ya umoja: kila pendo na kila chuki na kila teso larudi kwa mimi mmoja, mwalimu wa kike wa nyumbani, aliye daima katika mapenzi. Emily hana mimi wa namna hiyo. Kwake kuna sisi, jamii yote ya wanadamu, tunaosimama mbele ya nguvu za milele. Mwanaisimu ataliona wazo hili kuwa la thamani, tena ataona ugumu wake. Kwa Kiingereza kiwakilishi husimama peke yake kama mlingoti mbele ya kila kitenzi, na katika Jane Eyre macho hukutana na mlingoti huo katika kila mstari. Kwa Kiswahili nafsi imeingia ndani ya kitenzi, ni- au na-, silabi isiyobeba mkazo. Na neno mimi hutokea pale tu panapohitajiwa kusisitiza au kupinga. Mfasiri wa Jane Eyre akiliweka mimi kila mahali, atamfanya Jane mtu wa majivuno; asipoliweka popote, atauzima ule moto ambao Bibi Woolf aliuona. Itampasa achague mahali, na kuchagua mahali ni kuamua ni wapi Jane anajitetea na wapi anasimulia tu. Uamuzi huo ni wa uhakiki kabla ya kuwa wa sarufi.

Mara ya pili ni katika A Room of One's Own, kitabu cha mwaka 1929, nako alikuwa mkali zaidi. Alichukua sura ya 12 ya Jane Eyre, pale Jane anapopanda juu ya paa la Thornfield, akatazama mbali, akatamani nguvu ya kuona iliyo kubwa kuliko macho yake, akasema kwamba wanawake wana hisia kama walivyo nazo wanaume na wahitaji uwanja wa kuzitumia. Mara tu baada ya maneno hayo, bila daraja, chasikika kicheko cha Grace Poole. Bibi Woolf asimama hapo. Asema mfululizo umekatika vibaya. Mtunzi ameshikwa na hasira juu ya maisha yake mwenyewe, ameiacha hadithi aliyopaswa kuihudumia, na kisha amerudi kwa kushtuka. Kwa sababu ya mikatiko ya namna hiyo, aona, Charlotte Brontë alikuwa na kipaji kikubwa kuliko Jane Austen lakini hakuweza kukitoa chote kikiwa kizima.

Hukumu hii haikudumu. Anayeendelea kusoma ajua kwamba kicheko kile si cha Grace Poole. Ni cha Bertha Mason, mke wa bwana wa nyumba, aliyetolewa Jamaika na kufungiwa ghorofa ya tatu. Mwaka 1966 Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, alimpa mwanamke huyo riwaya yake mwenyewe, Wide Sargasso Sea. Na mwaka 1979 Sandra Gilbert na Susan Gubar walikiita kitabu chao kikubwa juu ya waandishi wanawake wa karne ya 19 The Madwoman in the Attic, kwa heshima ya mfungwa yule yule. Kwa wasomaji hawa mkatiko wa sura ya 12 si ila ya ufundi. Mwanamke mmoja asema juu ya paa kwamba wanawake wamebanwa, na mwanamke aliyebanwa kweli ajibu kutoka chini yake kwa kicheko. Maneno hayo mawili yamewekwa jirani kwa sababu ni mazungumzo. Bibi Woolf aliyasikia yote mawili, akaonyesha ukurasa na mstari ambapo yanagusana, akaita mgusano ule ufa. Mwanafunzi wa leo akiulizwa aanzie wapi kumsoma Charlotte Brontë, aweza kuelekezwa papo hapo, kwenye maneno machache yaliyo kati ya hotuba ya Jane na kicheko, akaulizwa yeye mwenyewe asikia nini.